Kupiga picha ndege za juu na mikia yake ukiwa uani kwako Moshi

Ukisikia mngurumo wa jeti, usiangalie unakotokea mngurumo. Ndege haipo hapo tena. Hili ndilo la kwanza ninalomfundisha kila anayekuja kukaa nami barazani hapa Rau, ninaposhona sare za shule, na ndilo linalowakosesha wengi ndege iliyo peupe kabisa mbele ya macho yao.

Hesabu yake ni hii. Moshi tumekaa karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 39,000 inakuwa kama mita 11,000 juu ya paa langu. Sauti huchukua zaidi ya nusu dakika kushuka umbali huo, na kwa muda huo ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa imeshasogea kilomita nane hivi. Kwa hiyo, sauti ikiwa utosini, nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha hesabu ngumi tatu hadi nne kuelekea upande ambao sauti inakwenda. Tafuta hapo. Ngumi moja kwa mkono ulionyooka ni kama nyuzi kumi za anga. Mpwa wangu alihangaika wiki nzima akisema, "Shangazi, hii ndege haionekani." Siku nilipomshika mkono na kumhesabia ngumi, aliiona mara moja.

Sasa mkia. Ule mstari mweupe ambao ndege inauacha nyuma yake si moshi, wala si dawa inayomwagwa, kama majirani wengine wanavyoamini. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa maji zaidi ya kilo moja, kwa kuwa haidrojeni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke wa moto, hukutana na baridi kali, yanaganda kuwa chembe za barafu. Ndiyo maana ukikuza picha utaona nafasi tupu kati ya injini na mwanzo wa mkia: hapo mvuke bado haujaganda. Mimi picha isiyoonyesha ile nafasi huwa naiona haijakamilika.

Baridi inayohitajika ni kama nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi, na hapo ndipo anga letu linatofautiana na la Ulaya. Karibu na ikweta, hewa ya kimo kilekile ina joto zaidi. Ndege ya futi 33,000 ambayo wakati wa baridi kule ingechora mstari mrefu, hapa kwetu mara nyingi hupita kimya bila alama yoyote. Kwetu mikia ni ya ndege za juu hasa, futi 38,000 kwenda juu, na hata hizo zinahitaji hewa yenye unyevu kidogo. Hewa ikiwa kavu, mkia unakuwa mfupi kama kipande cha uzi na kufutika papo hapo. Ikiwa na unyevu wa kutosha, mkia hubaki, hutanuka, na baada ya nusu saa huwezi kuutofautisha na mawingu mengine membamba. Ukiona hivyo asubuhi, usiweke kamera kabatini siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kamera, angalia kimo kwenye simu. Mimi natumia Flightradar24, programu inayoonyesha ndege kwenye ramani. Ndege nyingi hujitangazia zenyewe mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na vipokezi vilivyo ardhini huyanasa. Pasipo na kipokezi karibu, ndege huenda isionekane kwenye ramani hata kama unaiona kwa macho. Usiitegemee kupita kiasi, na zima ukimaliza, maana inakula bando. Angalia pia saa: ikiandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza tatu. Saa 04:00 UTC ni 07:00 kwetu, yaani saa moja asubuhi. Niliwahi kukosa ndege tatu kwa kuchanganya hizo saa, sasa kwenye daftari naandika zote mbili.

Kuna utaratibu mmoja unaonipa raha sana. Ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa vimo ambavyo maelfu yake ya futi ni witiri, 35,000, 37,000, 39,000, 41,000. Zinazoelekea magharibi hupewa vya shufwa, 34,000, 36,000, 38,000, 40,000. Ya Nairobi kwenda Johannesburg huelekea kusini-magharibi, basi ni shufwa. Ikirudi ni witiri. Ya Nairobi kwenda Dar es Salaam ni witiri, na hiyo itafute upande wa Mawenzi, mashariki ya Mlima Kilimanjaro, ingawa safari yake ni fupi na mara nyingi haipandi hadi kimo cha mkia.

Kamera. Ndege ya mita 63 kama Boeing 787-9 ikiwa utosini huonekana kubwa kama theluthi mbili ya upana wa mwezi. Boeing 737-800 haifiki hata nusu ya mwezi. Kwa hiyo simu itakupa mkia, ndege yenyewe itakuwa nukta. Lenzi ya milimita 300 inatosha kukuonyesha mabawa, injini na rangi zilizopakwa nyuma ya ndege yenyewe. Ukinunua iliyotumika, ikague kwa tochi. Mimi nililipa laki mbili na nusu kwenye duka moja mjini, nikafurahi kwa siku mbili, kisha nikaona kila picha ina ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilipomulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi niliona nyuzi nyembamba zimesambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. Ni kuvu. Muuzaji hakunirudishia hela. Tangu hapo lenzi yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mchana wa jua kali anza na kasi ya 1/1000 (sehemu moja ya elfu ya sekunde), tundu la lenzi f/8, na ISO 200, yaani kiasi kamera inavyohisi mwanga. Tazama picha ya kwanza: mkia ukiwa mweupe tupu, bila mikunjo, mwanga umezidi, punguza. Tatizo kubwa ni fokasi, yaani kuifanya picha iwe kali, kwa sababu kwenye anga la buluu kamera haina cha kushika, inahangaika mbele na nyuma mpaka ndege inapita. Ielekeze kwanza kwenye ukingo wa kilele cha Kibo au kwenye mwezi, ikishashika, hamishia kwenye fokasi ya mkono na usiguse tena. Piga mfululizo wa picha nyingi, utachagua baadaye.

Usipige ukiwa umepitisha lenzi juu ya paa la bati saa sita mchana. Joto linalopanda pale hufanya ndege ionekane kama iko chini ya maji. Sogea uani, au chini ya mparachichi upande usio na bati. Halafu mchana jua letu liko utosini na tumbo la ndege linakuwa jeusi. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni, mwanga huingia kwa chini na kila kitu hujitokeza. Na usifuate ndege kwa lenzi ikikaribia jua, jicho halina spea.

Picha ninayoipenda kuliko zote haihitaji lenzi ndefu. Kutoka hapa kilele cha Kibo kiko karibu ngumi moja juu ya upeo. Ndege unayoiona ikipita juu kidogo ya kilele hicho iko mbali kilomita 65 hivi, huko juu ya Amboseli. Na kwa kuwa iko juu sana, inaliona jua kama robo saa kabla yetu. Toka nje alfajiri kukiwa bado na giza giza, mlima mweusi, na ghafla mstari wa rangi ya waridi unapita juu yake. Tumia simu tu, iegemeze kwenye ukuta. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Juni hadi Agosti mawingu mazito hutufunika asubuhi nzima, miezi hiyo mimi nashona.