Kulala hemani Amani

Mimi mtu wa Ngamiani, nimezoea joto la Tanga. Usiku wangu wa kwanza Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara Mashariki, nilitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Kwa hiyo beba blanketi, shuka halitoshi. Kutoka Muheza mjini ni barabara ya kupanda. Simama Sigi, palipokuwa na kituo cha reli ya Wajerumani, ulipe kiingilio na kuomba mwongozaji.

Hema usilisimamishe bondeni, hata pakiwa pazuri vipi. Usambara Mashariki mvua haisubiri masika. Tafuta penye mwinuko kidogo, funga turubai juu ya hema bila kuligusa, upande mmoja uwe chini ili maji yateremke mbali na mlango. Kabla ya kutandika, mulika ardhi kwa tochi. Mimi niliamshwa na siafu saa nane usiku, nikatoka mbio kikoi mkononi. Wanangu wananicheka mpaka leo.

Kuni usikate, huu ni msitu wa hifadhi. Njoo na jiko la mafuta ya taa. Alfajiri chukua kahawa yako uende bwawani, ukae kimya, uwasikilize mbega.