Umesoma sayansi na sasa unataka sheria? Jinsi ya kuomba chuo cha sheria Marekani

Swali naloulizwa kuliko yote ni hili, je lazima kwanza nisome digrii ya sheria? Hapana. Marekani sheria unaisoma baada ya digrii ya kwanza, inaitwa JD, miaka 3 ukisoma kutwa au kama 4 ukisoma jioni huku unafanya kazi, na hiyo digrii ya kwanza inaweza kuwa ya kemia, fizikia, uuguzi, chochote kile. Mi nimetokea maabara ya kemia kwa hiyo haya nimeyapitia mwenyewe.

Unaanzia kwenye akaunti ya LSAC, hao ndo wanaosimamia LSAT, yaani mtihani wa kuingilia chuo cha sheria, na mfumo wa maombi. Jina liandike kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi na mpangilio ule ule. Nasisitiza sana maana transkripti yangu, yaani ile karatasi rasmi ya matokeo ya chuo, ilifika majina yamegeuzwa, la ukoo limekaa mbele, ikakaa wiki kadhaa haijaungana na faili langu, nikawa naingia kwenye akaunti asubuhi na jioni nakuta bado haijapokelewa na huku ofisi ya chuo inasema tulishatuma. Ukiwa ndani ya akaunti jisajili CAS, hiyo huduma inakusanya transkripti na barua zako za mapendekezo halafu inazituma kwa kila chuo unachoomba. Agiza transkripti kabla ya kitu kingine chochote, na uagize kutoka kila chuo ulichopita hata kama ulikaa semista moja tu. Chuo kitume chenyewe, ile nakala yako ya kabatini haisaidii. Kama ulisoma nje ya Marekani na Canada lazima matokeo yako yafanyiwe tathmini na hiyo inakula muda, so jipe miezi sio wiki.

Sasa kuna kitu kinawaumiza sana watu wetu. GPA, yaani wastani wa alama, ambayo LSAC wanakuhesabia ni ya digrii ya kwanza peke yake. Masters haimo, PhD haimo, hata uwe ulizimaliza kwa alama za juu kabisa. Na kama mwaka wa pili kemia ogania ilikupiga ukairudia ukafaulu, alama zote mbili zikiwa kwenye transkripti basi zote zinahesabiwa. Chuo bado kitaiona PhD yako na kuithamini, ila haibadilishi ile namba. Unaruhusiwa kuambatanisha maelezo mafupi kama kuna semista iliyoharibika kwa sababu ya msingi kama ugonjwa au msiba, aya moja inatosha, na tafadhali usiandike kwamba masomo ya sayansi ni magumu, hilo wanalijua.

Mtihani wenyewe ni LSAT, alama ni kati ya 120 na 180. Ile sehemu ya michezo ya mantiki iliondolewa Agosti 2024, kwa hiyo ukipewa kitabu cha zamani sehemu hiyo iruke. Siku hizi kuna sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya kusoma kwa ufahamu, pamoja na moja ya majaribio ambayo haihesabiwi ila hutaijua ni ipi, kila moja dakika 35. Pia kuna insha ya kutetea hoja, hiyo unaifanya kivyake, na usipoifanya alama zako hazitoki. Mtu wa sayansi ana faida kwenye hoja, ukisoma kwamba panya waliopewa dawa waliishi muda mrefu basi dawa inarefusha maisha, unauliza papo hapo panya wasiopewa wako wapi. Kinachotuponza ni kuleta elimu ya nje, wamekuambia jambo fulani ni kweli we unaanza kubishana nalo kwa sababu unaijua biolojia yake, hapo unapoteza alama. Kama una GRE tayari, ule mtihani wa kuombea masters na PhD, angalia kwanza, vyuo vingi vinaikubali badala ya LSAT.

Barua za mapendekezo, mbili au tatu. Bosi wa maabara usipomwambia kitu ataandika kwamba we ni mchapakazi na mashine hujawahi kuharibu. Mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha, ile ripoti uliyoiandika upya mara nne, siku uliyomuonyesha kwamba data hazibebi hitimisho lake. Chuo cha sheria kinatafuta mtu anayeandika na anayejenga hoja.

Insha binafsi ndo naomba uipe muda kuliko vyote, mara nyingi ni kurasa mbili. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Nimetumia kromatografia kuchanganua sampuli kwa miaka mitano." Rafiki yangu akasoma akanirudishia, akaniambia hapa sijamuona mtu. Ya mwisho ilianza hivi: "Saa tano usiku mashine ilitoa namba iliyopingana na ripoti tuliyokwishasaini, na mimi ndiye niliyekuwa macho." Kazi ni ile ile na maabara ni ile ile, ila ya pili msomaji anataka kujua ulifanya nini. Halafu usiandike kwamba sayansi imekuchosha, eleza ni swali gani lilikukuta kule ambalo maabara haiwezi kulijibu.

Kwenye fomu ya maombi, maswali ya nidhamu na makosa ya zamani yajibu kwa ukweli wote hata kama ni kitu kidogo cha miaka mingi, maana ukija kuomba leseni ya uwakili majibu yako yatapekuliwa tena.

Vyuo vingi vinafungua maombi karibu na Septemba na vinajaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo usisubiri dedilaini, Novemba uwe umeshatuma.

Kama bado una wasiwasi wa kutoa miaka 3, kuna mlango mwingine. Ofisi ya hataza ya Marekani, USPTO, hataza ni ile haki ya kulinda uvumbuzi (patent), ina mtihani wake wa maswali 100 ya kuchagua, na cha kwanza wanachokuuliza ni digrii ya sayansi au uhandisi, sio ya sheria. Soma masharti ya uraia na kibali cha kazi kabla hujalipa. Ukifaulu na kusajiliwa unakuwa wakala wa hataza, unaandika maombi ya wavumbuzi na kuyatetea mbele ya ofisi hiyo, ila kesi ya mahakamani huruhusiwi kuigusa. Baadaye ukimaliza JD na kupata leseni ya uwakili, usajili huo unaendelea nao kama wakili wa hataza.