Miguu, chanjo na jua: kabla mzee wako hajaenda Hija

Tunapowaandaa wazee wetu kwenda Hija tunahakikisha wanaijua talbiya, ile dua ya Hija, wanajua kuvaa ihramu na madeni yamelipwa. Miguu hatuiangalii, na ndiyo itakayobeba tawafu ya kuizunguka Kaaba, sai ya kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, na mwendo wote wa Mina, kwenye mahema ya mahujaji. Mama yangu mdogo ana sukari ya miaka mingi. Miezi miwili kabla ya safari nilimwosha miguu nikakuta lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba, na mwenyewe hana habari. Unyayo ulishakufa ganzi. Lami ya moto ingemuunguza vivyo hivyo asisikie. Tukaanza kutembea kila alfajiri, amevaa malapa yaleyale atakayosafiri nayo, na kila usiku nikamulika nyayo kwa tochi.

Chanjo hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufika. Ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne A, C, W na Y, Saudi Arabia inaitaka iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Tafadhali usinunue cheti bila sindano. Mwaka 2000 mahujaji walirudi Uingereza na Ufaransa na bakteria wa aina hiyo ya W (W135), wakaugua hata jamaa zao ambao hawakukanyaga Makka. Ukikwepa, unamhatarisha mjukuu atakayekupokea mlangoni. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe pia na kadi ya homa ya manjano. Nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, ila ikishatambuliwa ni ya maisha. Mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa hiyo azungumze na daktari kwanza.

Jua ndilo linaloniogopesha zaidi. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, wakafariki mahujaji zaidi ya 1,300, wengi wao wakiwa hawana kibali cha Hija. Asiye na kibali hana hema la kiyoyozi wala basi, anatembea juani. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya bei poa kwa viza ya matembezi, kataa, hata kama ni jamaa. Mwavuli hauharibu ihramu ya mwanamume, maadamu haugusi kichwa. Beba chupa ya maji na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na umuulize daktari kuhusu vidonge vya presha vinavyokojoza.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye sanduku la chini la ndege, inaweza kuganda. Siku ya kunyoa, nenda kwa kinyozi rasmi na uone kwa macho yako wembe mpya ukifunguliwa. Wembe uliotumika hupitisha homa ya ini. Ngamia mtazame kwa mbali, na maziwa yake mabichi usinywe: virusi vya MERS, vinavyoshambulia mapafu na vilivyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, hutokana naye.

Ukisharudi, homa au kikohozi kikikupata ndani ya siku 14, usikimbilie duka la dawa kununua mseto. Nenda hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba umetoka Makka.