Gitaa la maonyesho lifunge nyuzi mapema

Kama unatengeneza gitaa kwa mkono kwa ajili ya maonyesho, usingoje usiku wa kuamkia siku yenyewe ndipo ufunge nyuzi. Nyuzi sita za chuma hulivuta kwa nguvu ya kama kilo 70 hivi, na mbao mpya huchukua siku kadhaa kuizoea: shingo hupinda kidogo, ubao wa mbele huvimba nyuma ya daraja (kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye ubao huo), nyuzi zinakaa juu kuliko ulivyopima. Mimi hujipa wiki mbili. Lifunge, lipandishe hadi sauti yake kamili, lipige kila siku, kisha ndipo umalizie kusugua mfupa wa daraja, ule unaokaliwa na nyuzi na kuamua kimo chake. Vanishi nayo iwe imekauka kabisa. Ukucha ukiacha alama, bado.