Kamera ya gari isimalize betri

Ukifunga kamera ya mbele na nyuma kwa waya wa kwenye boksi la fyuzi, kabla hujarudishia plastiki tafuta kiswichi cha kukata umeme wa kamera betri ikishuka, kipo kwenye kile kiboksi cha waya, ukiweke volti 12.2 au juu kidogo. Usikiache 11.6. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma kama 12.6, ikifika 11.6 imekwisha, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Nimejifunza hili baada ya kulaza gari Lindi siku mbili. Betri iliyochoka haitasaidika: itashuka haraka, kamera izime mapema, usiku mzima usirekodiwe. Joto letu la pwani huzichosha upesi, kwa hiyo ipime kwanza.