SOMO: Kuchambua Shamba la Wanyama bila kuishia kwenye orodha ya majina

Mitihani ikikaribia naanza kuulizwa lilelile: "Mwalimu, Napoleon ni nani? Boxer ni nani? Nitumie orodha." Nimelijibu kwa ujumbe, kwa simu, na njiani nikitoka kazini. Leo naliandika lote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa. Kitabu ni riwaya ya George Orwell, Animal Farm kwa Kiingereza: wanyama wanamfukuza mwenye shamba, Bwana Jones, nguruwe wanashika uongozi, na kisa chote ni istiara ya mapinduzi ya Urusi. Majina ya wahusika nayaacha kama Orwell alivyoyaandika, ili anayesoma Kiingereza na anayesoma tafsiri ya Fortunatus Kawegere twende sote.

Hatua ya 1. Soma kitabu chote. Kina sura 10 fupi, na muhtasari hauwezi kukutosha.

Hatua ya 2. Mjue mwandishi na wakati wake. Orwell alikuwa Mwingereza mjamaa. Mwaka 1937 alikuwa Hispania akipigana dhidi ya majeshi ya Franco, jenerali aliyeiasi serikali, akapigwa risasi ya koo. Hata kabla hajapona sawasawa, kikundi alichokuwa akikipigania kikaanza kuwindwa na wakomunisti waliokuwa wakifuata amri za Moscow, ikabidi yeye na mkewe watoroke. Kitabu alikiandika kati ya Novemba 1943 na Februari 1944, wakati Uingereza na Stalin walikuwa upande mmoja vitani, na ndiyo maana wachapishaji kadhaa walikikataa. Kilitoka tarehe 17 Agosti 1945.

Hatua ya 3. Oanisha wahusika na historia ya Urusi. Hiki ndicho mnachokiomba kila siku, basi chukueni: Bwana Jones ni utawala wa Tsar Nicholas II. Mzee Major, nguruwe aliyewapa wanyama wazo la mapinduzi, ni Marx aliyechanganywa na Lenin. Nguruwe Napoleon ni Stalin, nguruwe Snowball ni Trotsky, mpinzani wa Stalin aliyefukuzwa nchini. Squealer, nguruwe msemaji wa Napoleon, ni propaganda ya chama na magazeti yake. Mbwa ni polisi wa siri. Farasi Boxer ni wafanyakazi, hasa wale waliosifiwa kwa kuzidisha viwango baada ya Stakhanov, mchimba makaa wa 1935. Farasi Mollie ni matajiri waliokimbilia nje, kunguru Moses ni kanisa. Kati ya wenye mashamba jirani, Frederick ni Ujerumani ya Hitler, Pilkington ni Uingereza na Marekani. Kinu cha upepo ni mipango ya miaka mitano ya viwanda. Wanyama kuungama makosa ya uongo na kuuawa papo hapo ni kesi za Moscow za 1936 hadi 1938. Biashara ya mbao na Frederick, aliyelipa kwa noti bandia, ni mkataba wa Stalin na Hitler wa Agosti 1939, na shambulio linalofuata ni lile la Wajerumani dhidi ya Urusi, Juni 1941.

Ukiishia hapa umeandika kamusi, hujachambua.

Hatua ya 4. Fuata maziwa, kisha fuata ukuta. Tulieni hapa, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza alama, na mimi mwenyewe niliwahi kufundisha vibaya. Nilikuwa nasema mapinduzi yaliharibika sura ya 5, mbwa walipomfukuza Snowball. Sivyo. Rudi mwisho wa sura ya 2. Jones ameshafukuzwa, ng'ombe hawajakamuliwa tangu jana na viwele vimejaa. Nguruwe wanawakamua, zinapatikana ndoo tano za maziwa yenye povu. Mnyama mmoja anauliza maziwa haya yatafanywa nini. Kuku anakumbusha kwamba Jones alikuwa akiwachanganyia kidogo kwenye chakula chao. Napoleon anasimama mbele ya ndoo na kuwaambia wasijali maziwa, mavuno ndiyo muhimu. Wanyama wanakwenda shambani. Wanaporudi jioni maziwa hayapo.

Hakuna aliyepigwa, hakuna mbwa aliyebweka. Katika sura ya 3 ndipo inajulikana kwamba maziwa yanaingia kwenye chakula cha nguruwe kila siku, na matofaa nayo ni yao. Squealer anakuja na hoja zake: nguruwe hata hawayapendi, wanakula kwa ajili ya afya, wao ndio wanaofanya kazi ya akili, na wakishindwa Jones atarudi. Je, kuna anayetaka Jones arudi? Basi, mjadala umekwisha. Katika barua ya 1946 kwa Mmarekani Dwight Macdonald, Orwell mwenyewe alisema hapo ndipo penye kugeuka kwa hadithi nzima, akataja Kronstadt, ngome ya wanamaji wa Urusi, ambako mabaharia walidai uchaguzi huru wa mabaraza mnamo Machi 1921 wakavunjwa kwa silaha na serikali ileile waliyoisaidia kuingia madarakani.

Sasa tahadhari. Usiandike kwamba Snowball ni shujaa safi aliyeonewa: kitabu kinasema wazi kwamba kuhusu maziwa na matofaa nguruwe wote walikubaliana, hata Snowball na Napoleon. Na mkuu wa jeshi lililoivunja Kronstadt alikuwa Trotsky. Usiandike kwamba tatizo lilikuwa Napoleon peke yake. Wala usiandike kwamba Orwell anasema mapinduzi hayana maana. Barua ileile inasema watu lazima wajifanyie mapinduzi wenyewe na wawe tayari kuwaondoa viongozi wao mara kazi inapomalizika, kwa sababu hakuna udikteta wa hisani. Wanyama walipaswa kusimama imara siku ya maziwa.

Kisha ukuta. Amri saba, sheria za shamba baada ya mapinduzi, zimeandikwa kwenye ukuta wa ghala kwa rangi nyeupe. Kila moja inapobadilika, tia alama kwenye kitabu chako: asilale kitandani inaongezewa "chenye shuka", asiue mnyama mwenzake inaongezewa "bila sababu", asinywe pombe inaongezewa "kupita kiasi". Usitosheke kuziorodhesha. Jiulize kila mara nani anajua kusoma. Farasi Clover anazijua herufi lakini hawezi kuunganisha maneno, Boxer hajavuka herufi ya D, mbuzi Muriel anasoma akiombwa, na punda Benjamin anasoma vizuri kama nguruwe yeyote ila hataki. Usiku mmoja Squealer anakutwa ameanguka chini ya ukuta, ngazi imevunjika vipande viwili, pembeni yake taa, brashi, na kopo la rangi nyeupe limepinduka. Ushahidi wote umelala chini mbele ya macho yao. Benjamin peke yake anaelewa, anatikisa kichwa, hasemi kitu. Mtahini anayekuona umeeleza kunyamaza kwa Benjamin atajua umesoma kitabu.

Hatua ya 5. Usilazimishe. Lenin hana mnyama wake peke yake, japo fuvu la Mzee Major linalowekwa hadharani wanyama wapite mbele yake kwa heshima linakumbusha mwili wake uliohifadhiwa Moscow. Nicholas II alipigwa risasi pamoja na familia yake Julai 1918, lakini Jones anafia mbali katika nyumba ya kutunzia walevi. Benjamin huwezi kumbandika mtu mmoja. Panapopwaya, sema panapwaya.

Hatua ya 6. Kila hoja iwe na tukio na sura yake. Basi.

MASWALI

Mwanafunzi, kidato cha nne: Shikamoo mwalimu. Naomba orodha ya wahusika na wanawakilisha nani, mtihani kesho.

Marahaba. Hatua ya 3.

Mwanafunzi huyohuyo: Nimeona ni ndefu, huwezi kufupisha?

Hapana. Ni aya moja tu, mdogo wangu.

Msomaji, Morogoro: Mwalimu, sijaelewa kuku. Kwa nini wapande juu ya paa kwa ndani na kuangusha mayai yavunjike? Wanapata faida gani?

Swali zuri sana, na ahsante kwa kuliangalia tukio lenyewe. Hawapati faida yoyote. Wanakataa tu kunyang'anywa. Napoleon ameahidi kuuza mayai nje, nao walikuwa wanajiandaa kulalia. Oanisha na wakulima wa Kisovieti wakati mashamba na mifugo yao ilipokusanywa kwa nguvu kuanzia 1929: wengi walichinja ng'ombe wao wenyewe kuliko kuwakabidhi. Angalia na jibu la Napoleon: anawakatia kuku chakula, kuku tisa wanakufa, inatangazwa wamekufa kwa ugonjwa. Njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, Waukraine wengi sana miongoni mwao, na serikali ikakana kwamba kuna njaa. Ndiyo maana Waukraine waliokuwa kambi za wakimbizi Ujerumani walikitafsiri kitabu hiki mapema, na mwaka 1947 Orwell akawaandikia dibaji. Humo anaeleza wazo lilikotoka: alimwona mtoto wa miaka kama kumi akiendesha farasi mkubwa wa mkokoteni kwenye njia nyembamba, akimcharaza kila alipojaribu kugeuka. Akawaza, wanyama hawa wangeijua nguvu yao tusingewaweza. Ukimsoma Boxer ukiwa na farasi yule kichwani, utamwona vingine.

Mwanachama: Huyu mwandishi ni kibaraka wa mabepari. Kitabu kizima ni kuponda ujamaa.

Ndugu, hatua ya 2 inaeleza alikuwa nani na risasi aliipata akipigania nini. Kama hiyo haitoshi, fungua sura ya 10. Pilkington amekaribishwa mezani na anampongeza Napoleon kwa lipi? Kwamba wanyama wa hapa wanafanya kazi zaidi na kula kidogo kuliko wanyama wengine wote wa wilaya. Mwandishi anayewatetea mabepari asingewaweka kinywani maneno hayo. Mwisho wake Napoleon na Pilkington wanatupa ree ya shupaza kwa wakati mmoja, ugomvi unazuka, na wanyama dirishani hawawezi tena kumtofautisha nguruwe na mtu. Lawama iko kwa wote wawili.

Mwanachama huyohuyo: Hayo ni maoni yako.

Maoni ni yangu, sura ya 10 ni ya Orwell. Isome.

Mwalimu wa sekondari, Dodoma: Mwalimu mwenzangu, tafsiri ya Kawegere ilitoka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Wanafunzi wangu wanaanza kulinganisha na kwetu. Niwakataze?

Usiwakataze hata kidogo, wafundishe tu kutenganisha mambo mawili. Orwell aliandika kuhusu Urusi, na mwanafunzi akiandika kwamba alimlenga kiongozi wa Afrika Mashariki amekosea, kitabu kilitoka 1945. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza maswali ya kitabu nyumbani kwake. Mimi huwapa kazi hii: chukueni masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Kisha chukueni maamuzi ya Zanzibar ya 1991 yaliyoyalegeza. Muulizeni kila aliyehusika maswali ya ukuta: nani alibadili, wananchi waliambiwa lini, nani aliuliza? Waandike pia tofauti. Masharti yale hayakubadilishwa usiku kwa brashi, yalipita kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM. Mwanafunzi anayeona kinachofanana na kisichofanana ameiva.

Na kama muda upo, wapeni Kusadikika ya Shaaban Robert pembeni. Ni istiara pia, ila haina wanyama. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa nje wakarudi na mambo mema wakafungwa. Kule shambani hakuna anayepata nafasi ya kujitetea. Tofauti hiyo peke yake inatosha kipindi kizima.

Msomaji, Muscat: Assalaam alaykum mwalimu. Je, Orwell hakuwa na chuki tu na Stalin?

Wa alaykum salaam. Alimpinga kwa moyo wote, lakini alijitahidi kuwa mwadilifu, na ushahidi upo. Kinu kinapolipuliwa sura ya 8, mswada ulisema wanyama wote, hata Napoleon, walijitupa kifudifudi. Kitabu kikiwa kinapangwa kwa uchapaji mwaka 1945, aliomba ibadilishwe isomeke "isipokuwa Napoleon", kwa sababu Stalin alibaki Moscow Wajerumani walipokaribia. Dada au kaka, hiyo itumie kwenye insha.

Mwanachama: Mimi sina kitabu, nimeangalia filamu ya katuni. Inatosha?

Haitoshi, na itakuangusha. Ile ya 1954 ilifadhiliwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na mwisho wake ukabadilishwa: wanyama wanawainukia nguruwe na kuwashinda. Kwenye kitabu hakuna kitu kama hicho, na mtahini akikiona kwenye karatasi yako atajua mara moja ulikokitoa. Tafuta kitabu.