Jinsi ya kutembea Uzunguni ya zamani, Dar es Salaam, na kuielewa

Upande wa mashariki wa katikati ya jiji, kati ya bandari na Bustani ya Mimea, ndiko Dar es Salaam ilikobaki na miti mikubwa, varanda pana na barabara zenye kivuli. Mzunguko mzima ni kilomita nne hadi tano. Tenga saa tatu, na uchague Jumapili, maana siku za kazi magari hujaa hadi kwenye njia za miguu. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Anayetaka kuona mikrismasi imewaka nyekundu aje Novemba au Desemba na avumilie joto.

Anza saa moja asubuhi kwenye Boma la Kale, Sokoine Drive. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Angalia mlango wake wa nakshi na unene wa kuta: ndicho kipimo chako cha kulinganishia majengo mengine yote. Kisha fuata bandari kuelekea mashariki, pita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, uingie barabara ya Kivukoni.

Hapa tembea taratibu. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na majengo ya ofisi yaliyotazama bandari ni ya miaka hiyo ya mwanzo. Yametengenezwa kupambana na joto: kuta nene, dari za juu, madirisha ya vibao yanayopitisha upepo, na varanda inayolikinga jua kabla halijafika ukutani. Inama utazame chini ya ukuta. Palipopigwa lipu ya saruji juu ya chokaa ya zamani utaona mabaka, chumvi nyeupe na lipu inayobanduka. Matumbawe hunyonya unyevu, chokaa huuachia, saruji huuzuia. Unyevu usipopata pa kutokea, huisukuma lipu mpaka ikaanguka. Ukarabati wa namna hii umeharibu majengo mengi mazuri, na dawa yake ni kurudia chokaa.

Ukifika Feri, kwenye kituo cha kivuko, weka kamera na simu mfukoni. Mbele yako ni Ikulu, na kupiga picha huko ni marufuku. Watalii wengi hujitia matatani hapa. Ukisimamishwa na askari, simama, salimia, jieleze. Jumba la gavana Mjerumani lilipigwa mizinga na meli za Waingereza mwaka 1914, na hili unaloliona lilijengwa upya mwaka 1922. Kwa hiyo usiseme kila jengo la zamani hapa ni la Mjerumani. Vigae vyekundu pia si ushahidi, kwani Waingereza nao waliendelea kuviezeka.

Endelea na barabara ya ufukweni, sasa Barack Obama Drive, hadi Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Daktari Robert Koch alichunguza malaria Dar es Salaam katika miaka hiyo. Leo hapa hutibiwa wagonjwa wa saratani: itazame kutoka barabarani, usiingie uani kupiga picha.

Jua likianza kuwa kali, geukia Samora uingie Bustani ya Mimea. Ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann ili kujaribu mazao ya biashara. Kivuli cha kupumzikia kilikuja baadaye. Tafuta mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea mwingine wowote duniani. Jirani ni Ukumbi wa Karimjee, alikoapishwa Mwalimu Nyerere kuwa Rais mwaka 1962, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940.

Usiishie hapo. Uzuri wa mtaa huu ulilindwa kwa sheria: kanuni za ujenzi za Wajerumani zilitaka nyumba za kudumu za mtindo wa Ulaya tu upande huu. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu, gharama ilitosha kumzuia. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwa hiyo fuata Samora hadi Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kata kulia, upite katikati ya maduka na maghorofa ya Uhindini hadi Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kutenga mji na Kariakoo, Uswahilini ya enzi hizo. Vuka, kisha linganisha na Uzunguni mambo matatu: ukubwa wa viwanja, umbali kati ya mti na mti, na upepo wa bahari unaokufikia.